Pine Chini ya Gari

Ninyi vijana mutakaosoma kaye hii, hili daftari langu, nawasalimia, na nawaomba mukae chini kwanza. Mimi niko Koko yenu, ao Koko wa jirani yenu, na hapa Mweso wakubwa wangali wananiita Mama Resori. Nilitumika miaka yangu yote ya nguvu kando ya barabara nikibadilisha resori, zile chuma zinazobeba uzito wa gari, na amortiseri, zile zinazoituliza: za kamioni, za pikapu, za pikipiki zinazotoka Pinga zimebeba mutu, mbuzi na mufuko wa maharagi juu ya kiti kimoja. Sasa magoti yamekataa, nimeacha. Shule nilifika mwaka wa tatu wa primeri. Mukiona neno nimeliandika vibaya, mupite. Mukiona buloni nimeikaza vibaya, njo museme.

Ninaandika juu ya mujukuu wangu Bahati, ambaye alibakisha kidogo sana gari imuue mu parsele yangu, hapa kwa kiwanja cha nyumba, muchana kabisa, watu wakiangalia. Mumemuona asubuhi hii akipita na ile suruali yake ya kubana, muzima. Wengi wanasema ni akili ya Koko yake njo ilimuokoa, juu Koko yake ni fundi. Hapana. Nitaeleza ilivyokuwa, na mahali nilipokosa nitapasema pia, juu siku moja na ninyi mutaingia chini ya gari mu parsele ya wazazi wenu, na siku hiyo mimi sitakuwa pale.

Gari yenyewe munaijua. Nyekundu, milango miwili, iko chini kama ng'ombe imelala. Ni gari ya mbio. Watu walioitengeneza waliitengeneza kwa barabara ya lami, na Bahati aliipata Goma kwa kubebea maharusi, kazi inayomulisha. Kule Goma inafaa. Lakini Esperance, dada yake, alikuwa anaolewa hapa Jumamosi, na Bahati aliapa dada yake hatafika kanisani akikaa nyuma ya pikipiki. Basi akaipandisha mpaka Mweso, mawe na matope, matope na mawe.

Alifika Jumatano. Tuliisikia mbele ya kuiona. Upande wa mbele kushoto ulikuwa unalia kwa kila shimo, juu pale Burungu iligonga jiwe. Jirani yetu Papa Innocent, muchunga ng'ombe, aliizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Bahati, hii gari imepoteza nini chini?"

"Papa, njo namna yake. Ni sport."

"Ah. Ng'ombe yangu ikikaa hivi, mimi naita munganga."

Nikatoka na fimbo yangu. Sasa musikilize, hii itawasaidia. Weka mikono miwili juu ya kona ya gari, sukuma chini kwa nguvu mara moja, acha. Amortiseri nzima itaiacha gari ipande mara moja, itulie. Ya Bahati ilipanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, kama mutu anayeitikia maneno asiyoyasikia. Nikainama, nikaona mafuta yamechuruzika kwa amortiseri na kushika vumbi. Mafuta yakitoka, hakuna cha kutengeneza.

"Imekufa," nilimuambia.

"Koko, inalia tu kidogo."

"Yenyewe imekufa. Hicho unachosikia ni chuma zingine zinaililia."

Vijana munakuwaka na mupango. Wake ulikuwa mu mufuko: vipande vinne vya pine, ule mupira wa gurudumu la kamioni, amevikata vizuri kwa kisu, avipige katikati ya mizunguko ya resori ili gari ipande juu kidogo, isiguse mawe. Hilo kosa ni letu sisi watu wa huku. Kule ambako gari hizi zinatoka, nasikia vijana wanazishusha. Sisi kila kitu tunataka kipande juu. Lakini resori iliyotiwa mupira haiwezi kujikunja. Jiwe likigonga, pigo linapita moja kwa moja mpaka kwa bodi, na siku moja resori yenyewe inakatika palepale penye mupira. Nimezitoa nyingi sana zimekatika hivyo. Nikachukua vile vipande vyake nikampelekea yule mama anayeshona sandali za pine. Bahati alivuta tu pumzi kwa pua.

"Utabadilisha amortiseri mbili za mbele," nilisema, "na mikono ya chini ya gari, ile inayoshika mapine, utaitoa, utatia silambloki mupya, mipira yake."

"Mbili? Iliyokufa ni moja."

"Jumamosi utakwenda kanisani na kiatu kimoja na kambambili moja?"

Alipiga simu Goma. Rafiki yake akamutumia amortiseri tatu za okazio, zilizokwisha kutumika, ili tuchague, na silambloki. Amortiseri ya okazio haipimwi kwa kuipanguza na kuiangalia ikingaa. Isimamishe, weka kiganja juu ya ile fimbo yake ya chuma inayoingia na kutoka, ushindilie. Inapaswa kukataa, lakini ishuke polepole bila kuruka mahali. Ukiacha, irudi polepole. Ile ya tatu ilikuwa inashuka vizuri, halafu katikati inaanguka kama ngazi imekosa kipandio. Nikaiweka pembeni.

Ule mukono wa kushindilia hivyo haukuwa wangu. Nilipewa na Papa Kasereka, na ningekuwa mutu mubaya sana kama ningeandika kaye mpaka hapa bila kumutaja.

Nilifika Mweso kutoka Burungu na watoto watatu na sufuria moja. Baba yao alikuwa amekufa kwa homa. Nikawa nakaanga mikate kando ya barabara. Papa Kasereka alikuwa mufanya biashara kutoka Butembo, Mukatoliki, rozari kubwa imening'inia kwa kioo cha kamioni yake. Alikuwa na duka la chumvi na sabuni, na ile kamioni ilikuwa inatoa maharagi ya Mweso kuyapeleka mbali. Siku moja lame moja, kipande bapa cha resori yake ya nyuma, ikakatika mbele kabisa ya sufuria yangu. Mutu wake wa kumusaidia alikuwa mugonjwa. Papa Kasereka akaangalia huku na huku, wanaume wamejaa, wanatoa mashauri. Akaniangalia mimi.

"Mama, weka mikate chini. Shika chuma hii. Usitetemeke."

Nikashika. Sikutetemeka. Mutu anayegeuza mikate mu mafuta ya moto na mutoto mugongoni, chuma baridi itamufanya nini? Wanaume wakaanza: "Papa Kasereka, umekosa wanaume mu Mweso yote?" Akajibu bila kuinua kichwa: "Sijakosa. Nawaona. Wamesimama wanaangalia."

Kesho yake akarudi na mutu mwingine aliyekuwa na pikapu mbovu. "Mama, leo unakaanga ao unashika?"

"Nitakaanga asubuhi," nilisema, "nitashika muchana."

Nilikaanga asubuhi na kushika muchana kwa muda murefu, mpaka siku moja nikaona sufuria imekauka na sijaihitaji. Watoto wangu walisoma kwa feza ya zile chuma.

Papa Kasereka alikuwa anachechemea. Sikujua sababu mpaka siku ya kwanza tulipotoa pine pamoja. Tukaitoa, mimi nikaibiringisha mpaka kwa lupango, ule uzio wa miti, nikaiegemeza. Yeye akasimamisha kazi yote.

"Mama, pine inalala wapi?"

"Pale kwa lupango."

"Imechoka?"

"Hapana, Papa."

"Basi kwa nini unailaza? Ilete huku itumike."

Akaiingiza chini ya gari, pamoja na jante yake, ile chuma ya katikati, chini ya ule ukingo wa mulango, palepale kando ya mahali mutu atakapolala. Halafu akapandisha suruali nikaona muguu. Ule mfupa wa mbele ulikuwa umepinda mahali pawili. Akasema: "Kriki iliyoinua gari ilitereza. Siku ile pine yangu ilikuwa inalala kwa lupango." Na akanifundisha maneno manne, akanirudilisha mpaka nikayasema bila kuwaza: pine kwanza, njo mutu.

Hakuna tena zaidi ya hayo. Gari ikianguka, inaangukia pine. Nimeyasema hayo maneno kwa watoto wangu na kwa wajukuu. Esperance anasema nilimuambia hata siku alipoinamia baisikeli.

Sasa lile pengo la meno yangu. Wajukuu mumekuwa munaniuliza, na mimi nimekuwa nikisema ng'ombe ilinipiga teke nikikamua. Ng'ombe haikunipiga. Papa Kasereka alikuwa amesafiri Butembo, mutu akaniletea gari ndogo, amortiseri ya mbele, ile inayokaa ndani ya resori. Resori hiyo ukiitoa inakuwa bado imebanwa, imefungwa kwa juu na ekru moja, nati kubwa. Kuna vyuma vya kuibana mbele ya kufungua hiyo ekru. Sikuwa navyo. Nikachukua kamba ya ng'ombe, ile tunayofungia dume mu malisho, nikazungusha mara tano, nikafunga. Mimi ni mutoto wa Masisi, najua kamba. Nikafungua ekru.

Kamba ilishika upande moja. Upande mwingine, kile kifuniko cha juu kiliruka, kikachukua meno mawili, kikaenda kulia juu ya mabati ya jirani.

Papa Kasereka aliporudi aliangalia mudomo, akaangalia kamba.

"Hii kamba inafungaka ng'ombe gani?"

"Dume," nikasema, maneno yanatoka na upepo.

"Mama, dume linachokaka. Resori haichoki."

Hakunigombeza zaidi. Alikwenda kwa mufua chuma, akamufulisha buloni mbili ndefu zenye ndoana, unaweka moja kila upande, unakaza kidogo huku, kidogo kule, zamu kwa zamu, mpaka resori inalegea ndani ya mukono wako kama mutoto amelala. Ningali nazo. Njo tulizotumia kwa gari ya Bahati. Na mukiona mutu anafungua ile ekru ya juu bila kubana resori, hata akiwa na diploma, muondoke mbele yake.

Kosa langu lingine lilikuwa la akili, halikutoa damu. Silambloki ni ile mipira yenye chuma ndani inayoshikilia mikono ya chini ya gari. Niliibadilisha kwa pikapu ya Papa Kasereka mwenyewe, nikakaza buloni kwa nguvu zangu zote wakati gari iko juu ya kriki, muguu wake umening'inia. Nikajisifu. Hata wiki mbili hazikuisha, mipira yote imechanika. Nikasema ni mali mubaya. Papa Kasereka akanikalisha juu ya kiti, akaniambia nininginize muguu, akafunga kitambaa kwa goti langu, akakaza sana.

"Simama."

Nikasimama. Kitambaa kikanikata goti.

"Njo vile ulifanya gari yangu. Uliifunga ikining'inia, halafu ukaiambia isimame." Basi munaingiza buloni zote, munaziacha legevu, munashusha gari, inakaa na uzito wake, munaitikisa kidogo, njo munakaza. Gari ikae kwanza. Kitabu kinasema vilevile, Bahati alinisomea mu simu yake. Nilifurahi kwamba kitabu kimemukubali Papa Kasereka.

Turudi kwa Ijumaa, siku moja mbele ya ndoa.

Parsele yangu munaijua, iko mu mulima, hata kuku ikisimama inaegemea. Mahali pa kusimamisha gari sawasawa ni pamoja tu, nyuma ya jiko, karibu na migomba. Na mahali pale pako sawa juu mimi mwenyewe nilipasawazisha.

Hapa njo mahali nilipokosa, pale niliposema nitapasema. Mbele sijaokoka, wakati watoto wangali wadogo, nilikuwa napika kasiksi, pombe ya ndizi. Kila mutu anajua kasiksi inaanzia wapi: unachimba shimo, unatandika majani, unaweka ndizi, unafunika na udongo mpaka ziive. Shimo langu lilikuwa pale. Nilipobatizwa nililijaza udongo, nikakanyaga juu, na tangu siku ile sikulitaja tena. Wajukuu hawakulijua. Mimi ni diakone, munaelewa. Na ile Ijumaa mama za kwaya walikuwa wamekaa palepale karibu, wanachambua maharagi na kumenya viazi za arusi. Bahati akauliza, mbele yao wote:

"Koko, hapa udongo uko nguvu?"

Nikapiga kisigino chini. Nikawaza, miaka imepita, udongo umeshikana. Nikaangalia zile mama. Nikasema: "Uko nguvu."

Maneno mawili. Vile vyuma vyangu vizuri vya kusimamishia gari nilikuwa nimevigawa siku nilipoacha kazi, basi tukatumia kisiki cha muti wa kalitusi, kizito, kimekatwa sawa juu na chini. Bahati akatia mawe nyuma ya mapine. Akalegeza ekru za pine ya kushoto wakati gari ingali chini, vile inapaswa. Akainua na kriki, akaingiza kisiki, akashusha gari juu ya kisiki. Nikatikisa gari kwa mukono, ikatulia. Akatoa pine.

Upande wa Pinga mbingu ilikuwa imekuwa nyeusi. Nilikuwa na viazi ambazo hazijamenywa, nilikuwa na bibi arusi anayelia juu ya viatu, na lile shimo lilikuwa linaniwasha moyoni nikitaka kazi iishe nisilifikirie tena. Bahati akaanza kubiringisha pine arudi nayo kwa gari.

"Acha hiyo pine," nilisema. "Mvua inakuja. Ingia utoe zile buloni."

Akasimama. Aliniangalia kama nimeongea Kichina.

"Koko, njo weye ulisemaka."

"Nimesema acha! Kisiki kiko nguvu. Utapoteza wakati bule."

Esperance, ambaye alikuwa anashika sufuria, akacheka: "Koko leo amechoka na Papa Kasereka."

Bahati hakubishana nami. Hajawahi kubishana nami, ni mutoto wa heshima. Lakini hakuacha. Alilaza pine chini, akaisukuma kwa muguu mpaka ikaingia chini ya ukingo wa mulango, akaibonyeza mara mbili. Ilimuchukua wakati wa kumenya kiazi kimoja. Mimi nilifyonza meno, hayo yaliyobaki. Halafu akalala mugongo, akaingia, kichwa na bega na mukono moja, akaanza kugonga buloni ya mukono wa chini, ambayo ilikuwa imeshika kutu.

Aligonga mara tatu. Mara ya nne kisiki kikashuka.

Hakikuanguka, na hakikutoa sauti. Kilishuka wima, kama mutu anayeteremka ngazi, na gari ikamufuata. Nikasikia mulio moja wa chuma, pah. Muguu wa Bahati, ule niliouona inje, haukutikisika.

Sikukimbia. Nataka mujue hilo. Mimi Mama Resori nilisimama tu na fimbo yangu. Zile mama za kwaya njo walikimbia. Viazi zikamwagika. Walishika ukingo wa gari, mama sita na Esperance wa saba, na yule muzee wao Mama Yudita akahesabu kama vile anahesabu wimbo, na wakainua. Bahati akatoka kwa mugongo kama samaki, mukono wa shati lake ukabaki chini, umebanwa palepale kati ya chuma na udongo. Mukono wa shati tu.

Alikaa chini. Akajipapasa kifua. Akaangalia gari imelala juu ya pine, jante imepasuka mudomo na kupinda. Na neno lake la kwanza, baada ya Mungu kumurudishia uhai, lilikuwa:

"Koko, jante yangu."

Esperance akampiga kofi la bega, akaanza kulia. Mimi nikakaa palepale chini.

Mama Yudita ndiye aliyeenda kuangalia kisiki. Aliinama juu ya lile shimo. Mulemule mulikuwa na udongo mweusi laini, na kipande cha mutungi.

"Mama Diakone," akasema polepole, "hii ni shimo ya..."

"Njo yenyewe," nilisema.

"Ya kasiksi?"

"Ya kasiksi."

Mama Yudita akajinyoosha, akapangusa mikono kwa kitenge. "Nilijua ni hapa," akasema. "Mi sijasahau utamu wake."

Walicheka mpaka wengine wakashika gari. Mimi pia nilicheka, na nikalia, sikujua gani ni gani. Halafu nikamuita Bahati akae karibu nami, na mbele yao wote nikamuambia: nilijua. Nilijua shimo liko hapa, na nikanyamaza juu sikutaka hawa mama wajue nilikuwa napika pombe. Nilikuwa nakuuza kwa haya yangu. Bahati alikuwa anashika ile sehemu ya mukono isiyo na shati.

"Koko," akasema, "ukiisha kutubu, utanionyesha tutaweka gari wapi? Arusi ni kesho."

Mvua ilipita upande wa Pinga, haikutufikia. Tuliinua gari, tukatia pine ya akiba, tukaisukuma mpaka mbele ya mulango wa nyumba, mahali pa mawe ya zamani, palipo na mutelemuko kidogo, na tukatia mawe mengi nyuma ya mapine. Chini ya kisiki tukaweka jiwe pana. Pine iliyopasuka ikaingia tena chini ya gari, na ya akiba ikafuata, na hakuna mutu aliyeniuliza. Mimi nilikaa juu ya kiti nikamuacha afanye. Alifunga kitovu cha pine kwa waya ili duriti ya freni, ule mupira wake wa mafuta, isivutwe. Alibana resori na zile buloni za Papa Kasereka, zamu kwa zamu. Nilisema neno mara mbili tu. Zamani ningesema mara mia mbili.

Wakati wa kukaza silambloki, tulipandisha mapine juu ya mbao nene, ili apitishe kle ndefu, ile spana, kwa mukono, kichwa kibaki inje. Gari ilipaswa kukaa na uzito wake. Mama Yudita akasema uzito yeye anao, akaingia mbele kwa kiti cha shofere, akamuita mwenzake wa sauti ya chini akae kando, na wakaimba wakati Bahati anakaza. Nimekaza silambloki nyingi, lakini hizo peke yake njo zilikazwa na kwaya.

Jumamosi gari ilitoka na ile pine nyembamba ya akiba upande wa kushoto, polepole, watu wakitembea mbele yake. Pale kwa shimo la karibu na kanisa nilisikiliza. Haikulia. Esperance alilia, lakini bibi arusi ana haki. Papa Innocent akasema gari sasa inatembea kama imekula.

Papa Kasereka alirudi kwao Butembo akiwa muzee, na huko akafa. Habari ilinifikia nyuma ya maziko. Sikuwahi kumushukuru sawasawa, juu yeye alikuwa mutu wa kukatiza: ukianza kumushukuru anakuuliza kle iko wapi. Hakumuona Bahati hata siku moja. Lakini ile Ijumaa, mimi niliyekuwa pale nilimuambia mutoto aingie, na yeye ambaye hakuwa pale alimuwekea pine. Maneno yake yalipita kwa mudomo wangu, yakakaa ndani ya mutoto, na siku mimi nilipoyaacha, mutoto aliyashika. Ninamushukuru kwa hayo. Ninamushukuru kwa sufuria iliyokauka, kwa watoto waliosoma, hata kwa meno. Ninawashukuru mama za kwaya kwa mikono yao. Na ninamushukuru Bahati kwamba alinikatalia, na hakunikatalia kwa kelele.

Jumapili, wageni walipoondoka, niliwaita wote wa nyumba mbele ya jiko, hata shemeji mupya. Jante iliyopasuka niliisha kuipigilia misumari kwa ukuta. Nikawaambia hivi, na sasa nawaambia na ninyi:

"Jante hii isiuzwe, isinyooshwe. Kila mutu wa nyumba hii, ukitoa pine, pine iingie chini ya gari kwanza, njo mukono wako. Na siku mutanisikia mimi nasema acha pine, mvua inakuja, hata nikipiga kelele, hata nikiinua fimbo, hata mbele ya kwaya nzima: musinitii."